Ukisikia "bring forward" usisogeze mbele

Wadogo zangu mnaoanza kazi mapokezi, iwe hotelini au kwenye kampuni za safari hapa Arusha, nianze na aibu yangu mwenyewe maana hiyo ndo iliyonifundisha kuliko darasa lolote. Nilikuwa na mwezi wa pili kazini, ikaja imeli ya mama mmoja Mwingereza aliyekuwa amefikia kwetu na mumewe, gari lao la kwenda uwanja wa ndege wa KIA tumelipanga saa nane mchana. Kaandika "Could we bring forward our pick-up by two hours?" Nikaichambua kisomi kabisa, bring ni leta, forward ni mbele, basi wanataka tusogeze mbele, na sisi huku ukisogeza kikao mbele si umekichelewesha? Nikajibu fasta "Yes madam, no problem", nikampigia dereva nikamwambia bro sio nane tena, ni saa kumi.

Saa sita kamili wazee wa watu wamesimama mlangoni na masanduku yao, gari hakuna, dereva yupo Ngaramtoni anakula zake makange. "Bring forward" ni kuwahisha jamani. Kuchelewesha wao wanasema "put off", "put back" au "push back", yaani ukisikia nyuma ujue ndo kunachelewa, kinyume kabisa na sisi. Ndege waliiwahi, kwa teksi ambayo hela yake nilikuja kukatwa kwenye mshahara. Tangu siku hiyo nikiona forward au back kwenye imeli yenye mambo ya muda siondoki hapo mpaka nijibu na saa yenyewe, "So that is 12 noon instead of 2 p.m.?", hata kama naona nimeelewa.

Sasa kinachouma ni kwamba neno "postpone" nilikuwa nalijua tangu fom tuu. Na "extinguish", na "tolerate", na "investigate", yote nayajua, na nyie mnayajua, tumeyakariri ya mtihani. Ila mgeni akiwa anakunywa chai hasemi hayo, anasema, kwa mpangilio huo huo, "put off", "put out", "put up with", "look into", zile zinaitwa frezo vebu (phrasal verbs), kitenzi kidogo kilichofungwa mkia. Wenyewe wamezikuta nyumbani kwa mama zao. Yale mazito mengi yameingia kwao kutoka Kifaransa na Kilatini, hasa baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, ikulu na mahakama zikawa zinaongea Kifaransa na mkulima akabaki na Kiingereza chake. Wala tusiwashangae, na sisi tunayo hiyo hiyo, mahakamani kesi inaahirishwa, neno la Kiarabu hilo, halafu kamati ya harusi ikikosa michango inasogeza tarehe mbele, na hiyo kusogeza ni Kibantu chetu cha nyumbani. Kwahiyo shule ilitupa Kiingereza cha hakimu, na huku mapokezini watu wanaongea cha jikoni.

Ninachowaomba ni msizitafsiri kipande kipande. Kumbuka mnyambuliko wa vitenzi, kile kitu tulichokuwa tunakichukia kwenye Kiswahili, hama na hamia, kimbia na kimbilia, vaa na vua. Herufi moja tu imeingia na mtu ametoka kwenye nyumba au ameingia kwenye nyumba! Mwingereza anabandika kineno pembeni, "move out", "move in", "put on", "take off", kazi ni ile ile. Na hakuna mtu aliyekaa akafikiria kwamba kupiga simu ni kuichapa simu, au kupiga pasi, kupiga deki, ulimeza zima zima ukiwa mtoto. Hizi nazo zimeze hivyo hivyo.

Ujanja ulionisaidia mimi ni kuziandika kwenye daftari zikiwa na "it" ndani. Siandiki "pick up", naandika "pick it up". Siandiki "look into", naandika "look into it". Unaona it inakaa wapi? Kwa hiyo unajua moja kwa moja kwamba ni "pick me up", ukisema "pick up me" mgeni atakuelewa ila utamkwaruza sikio, na ni "look after me", haivunjiki katikati hata ufanyeje. Faida ya pili ni ya masikio. Kwa sababu hawa watu hawatamki maneno matatu, wanatamka moja, "pikitapu", "filitini", "chekitauti", na mimi miezi mingapi sijui nilikuwa nadhani pikitapu ni jina la kitu. Kwenye hizi zenye it katikati mkia ndo unaopigwa kwa nguvu, kwahiyo sikiliza mwishoni, usikomae na mwanzo.

Hapa kwetu tuna utani wetu pia, tunasema "nipick stendi" na kwenye imeli tunaandika "our driver will pick you at the airport", mkia hakuna. Halafu tunaenda kuandika "cope up with". Yaani up tuliyoikata kwenye pick tumeenda kuibandika kwenye cope ambayo haiitaki! Kwa Mzungu andika "pick you up" na "cope with", tukiwa wenyewe nipick tu haina shida.

Kwenye kuandika, "check in" ni kufanya, "check-in" yenye kistari ni jina la hilo tukio, hiyo ishike tu. "Fill in" na "fill out" fomu ni kitu kimoja, msigombane. Ila mgeni akilalamika maji ya moto hamna, usimwandikie "We shall investigate and revert", inasomeka kama barua ya polisi na hiyo revert kwake ni kurudi kwenye hali ya zamani, sio kujibu. "We'll look into it and get back to you this evening" inamtuliza. Ripoti ya ajali au ya kitu kilichoibiwa ndo uweke yale ya fom tuu.

Halafu kuna zenye maana mbili mbili, hizo utazijua kwa kumwangalia mtu usoni. Mwenzangu wa shifti ya usiku alikuwa anajua "turn in" ni kurudisha kitu, na ni kweli, ni kurudisha. Mzee mmoja Mmarekani akashuka kutoka baa ya juu, kachoka na vumbi la Ngorongoro, anapiga miayo, akasema "Well, I think I'll turn in." Jamaa yangu akanyoosha mkono apokee funguo. Mzee akauangalia ule mkono kidogo, akaushika, akautingisha vizuri kabisa, "Good night to you too, son", akapanda zake kulala na funguo yake mfukoni.