Usilipie matundu nane kabla hujauliza geini

Mkuu, hiyo pesa usiitume kwanza. Umesema una maiki ya Shure SM7B, chumba kimoja Tabata, unarekodi mtu mmoja mmoja, na umeshachagua saundi kadi (kile kifaa cha kuingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) ya matundu nane kwa kuwa muuzaji kakwambia "ukikua hutanunua nyingine". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi Kariakoo, nikatoa laki nane na nusu.

Kwanza, katika hayo matundu nane, ya maiki yalikuwa mawili tu. Sita yaliyobaki ni ya laini, ya kuchomeka vinanda na mikisa ambavyo sina hadi leo. Hilo ningelivumilia. Kilichonimaliza ni geini, yaani uwezo wa kadi kukuza sauti ya maiki. SM7B inatoa sauti ndogo sana, na Shure wenyewe wanataka saundi kadi iweze kuikuza desibeli 60 au zaidi. Yangu ilikomea 50. Usiione kumi ni kidogo: kila desibeli 6 ni karibu mara mbili ya nguvu ya volti, kwa hiyo nilipungukiwa zaidi ya mara tatu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kwaya, nyimbo kumi, nusu ya malipo nimeshapokea na nimeshaila. Akaja mama mmoja wa sauti ya kwanza, anaimba taratibu, karibu ananong'ona. Nimezungusha geini mpaka imegota, taa ya kijani inapepesa chini kabisa. Nikasema nitapandisha kwenye kompyuta. Usiku napandisha, naweka kompresa ya kusawazisha sauti ndogo na kubwa, na kila anapovuta pumzi nasikia shhhhh, kama mvua ya mbali juu ya bati. Nikajaribu kuifuta ile kelele kwa programu, ikaondoka na "s" zote na "f" zote, sauti ya mama ikawa kama inatokea ndani ya ndoo. Ikabidi niwaite tena wote, kwa saundi kadi ya kuazima, nauli zangu, chakula changu, Jumamosi mbili. Mwalimu wa kwaya hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi akiangalia saa. Bora angenigombeza.

Nikarudi dukani. Yule kijana akageuza boksi, akalitazama nyuma, akaniambia, "Kaka, si uongeze sauti kwenye spika?" Yaani mtu anauza kifaa kinachobeba kazi za watu na hajawahi hata siku moja kuchomeka maiki humo! Halafu akataka kuniuzia maiki nyingine. Nikaondoka, maana ningesema maneno.

Kwa hiyo shika hili moja: kabla ya kuhesabu matundu, tafuta kwenye vipimo geini ya maiki ni desibeli ngapi, uilinganishe na maiki unayomiliki. Usiangalie jina peke yake. Chukua saundi kadi ya Focusrite Scarlett 2i2: ya kizazi cha nne inafika desibeli 69, ya kizazi cha tatu iliishia 56. Zote nyekundu, zote 2i2, na dukani unaweza kuzikuta rafu moja. Kwa SM7B yako hizo mbili ni vitu tofauti kabisa. Ukishakwama na yenye geini ndogo, kuna Cloudlifter, inakaa kati ya maiki na kadi, inatumia umeme wa volti 48 unaotoka kwenye kadi na kuongeza desibeli 25. Inasaidia kweli, ila ni hela nyingine, na wewe umesema bajeti imebana.

Na hiyo 192 kHz wanayokusifia, yaani kadi kupima sauti mara 192,000 kwa sekunde, achana nayo. Biti 24 kwa 48 kHz inakutosha kwa sauti ya mtu, tena faili hazitakujazia diski.

Kama bado umeng'ang'ania ile ya matundu nane, nipigie picha upande wa boksi wenye vipimo uiweke hapa. Niko hewani mpaka saa nne usiku.