Bibi Shamba Anajibu: Nundu Kwenye Mizizi ya Nyanya

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nalima nyanya na bamia Msimbati, karibu na ufukwe. Zikianza kuchanua zinanyauka mchana, na nikizing'oa mizizi imejaa nundu. Jirani ananishauri nichome udongo au nimwage sumu. Mbona majani ya mchangani hapo karibu yamestawi bila mbolea? Huko hakuna minyoo? (Mkulima, Mtwara)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kwangua nundu kwa ukucha. Vinundu vya kunde, vile vyenye faida, hubanduka, na ukivipasua ndani ni vyekundu. Nundu la minyoofundo, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni wanaovimbisha mizizi, halibanduki, maana ni mzizi wenyewe uliovimba. Mchanga wanaupenda, kwa kuwa wanapenya kirahisi.

Mchanga wa ufukweni nao una minyoo. Uholanzi, watafiti walichunguza mnyoo aitwaye Tylenchorhynchus ventralis, anayefyonza mizizi ya nyasi za pwani akiwa nje ya mzizi. Kwenye mchanga uliouliwa vijidudu vyote alizaliana sana. Waliporudisha bakteria na kuvu wa udongo huohuo, akapungua. Kilichonigusa zaidi ni hiki: waligawanya mizizi ya mche mmoja sehemu mbili, na mnyoo alidhibitiwa upande ule tu alikokutana na vijidudu. Upande wa pili haukupata kinga.

Minyoofundo wako ni aina nyingine, wanaingia ndani ya mzizi, ila nao wana maadui. Bakteria Pasteuria penetrans hunata kwenye ngozi ya mnyoo akiwa bado anatafuta mzizi, kisha hukua mwilini mwake mpaka jike lisitage. Kuna na kuvu wanaokula mayai. Sasa ukichoma udongo unawaua walinzi hawa pamoja na mwizi, na mwizi atarudi na matope ya jembe.

Walinzi hawa hulishwa na samadi, na kama ulivyoona, hulinda pale tu walipo. Kwa hiyo usiitupe juu juu shambani. Weka iliyooza vizuri ndani ya kila shimo, pale mizizi itakapokuwa. Ukimaliza kuvuna, ng'oa mizizi yote yenye nundu uichome; hiyo ndiyo ya kuchoma, mwanangu. Mahali hapo usirudishe nyanya, bamia wala bilinganya, panda karanga. Na ukinunua miche, mwombe mwenye kitalu akung'olee mmoja uone mizizi. Ukikuta nundu, iache yote.