Kuhusu hiyo ofa ya chuo cha miaka miwili Texas

Dogo, umeuliza kama hiyo konferensi waliyokutajia, WJCAC, ndo inatoa skolashipu. Hapana, konferensi ni kama ligi ya kanda tu, vyuo vya jirani vinavyokutana kushindana, na hiyo ni ya magharibi ya Texas na New Mexico, wako kina South Plains, Midland, Odessa, Howard na wengine. Skolashipu inatoka kwa chuo chenyewe, sasa hapo ndo ukae chonjo, maana juu ya konferensi kuna NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka miwili Marekani, na wao wana madaraja matatu, la kwanza chuo kinaweza kukulipia ada, vitabu, chumba na msosi, la pili chumba na msosi vinatoka mfukoni kwako, la tatu hakuna hela ya michezo kabisa. So muulize kocha mko daraja gani kwa mchezo WAKO, na akutumie kwa maandishi, sio voisi noti ya WhatsApp. California nao wana chama chao na huko skolashipu ya michezo hairuhusiwi, usije ukachanganya.

Na wanaokucheka eti chuo kidogo waache, Sally Kipyego, yule mkimbiaji wa Kenya, alianzia hapo hapo South Plains, mji wa Levelland, akahamia chuo kikuu cha Texas Tech na Olimpiki ya London 2012 akabeba medali ya fedha ya mita 10,000. Ila unacheza misimu miwili tu, kwa hiyo masomo usiyalalie, bila maksi kuhamia chuo kikubwa inakuwa ishu.