Pua "ilishuka" au Pua "alishuka"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu cha maigizo tunatafsiri "Pua", hadithi ya mwandishi Mrusi Nikolai Gogol. Pale pua inapotokea imevaa sare tunabishana, tuseme "ilishuka kwenye gari" au "alishuka"? Wenzangu wanasema pua ni ngeli ya I-ZI, basi. Ipi sahihi?

Marahaba. Zote mtazihitaji ila kila moja mahali pake, na hao wanaosema "I-ZI, basi" waambie hawajamaliza kitu. Pua ni Kibantu chetu wenyewe na ngeli yake haina ubishi, lakini a- ya Kiswahili haiangalii umbo la neno, inaangalia uhai. Kiongozi ana ki- mbele na bado tunasema kiongozi amefika, jaribu kumwambia "kiongozi kimefika" uone atakavyokuangalia.

Na hapa ndo naposhikwa na hasira, maana tatizo halijaanza na Gogol. Watu wamezoea "kuku imetaga", "mbwa yangu imepotea", "mtoto hii inasumbua", kwenye matatu, redioni, mitandaoni, watu wazima wenye vyeti, ukimrekebisha anakwambia si umeelewa lakini mwalimu? Nimeelewa ndio, nimeelewa kwamba mtoto umemvua uhai ukamweka fungu moja na meza na kalamu na wala hujastuka! Mtoto hii. Mtoto! Neno lenyewe limeanza na m- ya watu, linakupigia kelele kwamba huyu ni mtu, we unaandika hii. Alafu mtu huyo huyo ndo anakaa kutafsiri hadithi ambayo utamu wake wote uko kwenye mpaka wa kitu na mtu. Kama kuku kwako ni "imetaga", huo mpaka umeshaufuta, pua ikigeuka mtu utaionyeshaje?

Cheki hadithi yenyewe, ya 1836. Kinyozi Ivan Yakovlevich wa St. Petersburg anakata mkate asubuhi anakuta pua ndani, anaifunga kwenye kitambaa, anaenda kuitupa mto Neva. Hapo ni i- tupu, ilikutwa, ilifungwa, ilitupwa. Afisa Kovalyov, mwenye pua hiyo, anaamka uso bapa, anatoka, mara gari la farasi linasimama na anashuka bwana mwenye sare iliyotariziwa dhahabu, cheo cha daraja la 5 wakati Kovalyov mwenyewe ni wa daraja la 8 (namba ndogo ndo cheo kikubwa), na bwana huyo ni pua yake! Anamfuata hadi kanisa la Kazan, anamkuta anasali, anaanza kujiumauma kwa adabu ya mdogo mbele ya mkubwa, na Pua anamjibu kwamba hawana uhusiano wowote, vifungo vya sare tu vinaonyesha wako idara tofauti. Hiyo ndo tashtiti, yaani kejeli yenyewe. Urusi ile mtu alipimwa kwa sare na daraja, basi sare ikishakuwepo hata pua ni mheshimiwa. Ukiandika "ilisali", "ilijibu", umemziba Gogol mdomo, kwa sababu kinachomtetemesha Kovalyov pale si kiungo cha mwili, ni bosi.

Tena sisi tumebarikiwa. Kwa Kirusi pua ni neno la jinsia ya kiume, kiwakilishi kile kile kinamfaa bwana na kinafaa kiungo, kwa hiyo Gogol hakuwa na cha kubadilisha. Sisi i- ikigeuka a- msikilizaji anashtuka papo hapo. Mtunzi wa muziki Shostakovich alipoigeuza hadithi hii opera, ikachezwa Leningrad 1930, Pua alipewa mwimbaji wake jukwaani, mtu mzima anaonekana. Nyinyi pia mtakuwa na mwigizaji, sasa kweli mtamsimamisha pale na koti lake mseme "ilishuka"?

Mwishoni geuzeni tena. Polisi aliyemkamata Pua akitaka kupanda gari la kwenda Riga anasema kwanza alimdhania ni bwana, bahati alikuwa na miwani ndo akaona ni pua. Kuanzia hiyo miwani rudini i-, imefungwa kwenye karatasi, imeletwa, daktari amekataa kuibandika. Ila umilikaji usiwababaishe, "pua yangu" inabaki yangu hata akiwa daraja la 5, kama tunavyosema rafiki yangu amefika. "Pua wangu" msiandike kabisa.