Kwa anayeanza kuchora magari Dodoma: klia kwanza, mikogo baadaye

Vijana wengi wanaokuja kijiweni kuomba kufundishwa huja na daftari la michoro. Nalipitia, nalisifia, kisha nawapa msasa. Wengine hawarudi kesho yake. Mkono wa kuchora wanao wengi tu, ila mchoro wa kudumu kwenye bodi inayochomwa na jua la Dodoma mchana kutwa unategemea kilicho chini ya rangi na kilicho juu yake, yaani klia, ile vanishi angavu ya kufunika mchoro.

Tuanze chini. Bodi ya bajaji au daladala imejaa grisi na nta za watu wa kuosha magari. Ioshe kwa sabuni, ikauke, uifute kwa kitambaa chenye thina kidogo kabla hujashika msasa, maana ukitangulia kusugua unaishindilia ile grisi kwenye mikwaruzo. Rangi ikikutana na grisi, au na silikoni ya dawa ya kung'arisha matairi, hukimbia na kuacha vidoa vya duara, na mteja amesimama hapo hapo anatazama. Rangi ya kiwandani iliyo nzima usiikwangue yote. Ipitishie msasa wa 600 mpaka mng'ao uishe, inatosha. Penye bati tupu weka praima, yaani rangi ya chini ya kushikiza, na plastiki itafutie praima yake. Turubai la bajaji achana nalo: linajikunja kila siku, rangi ya kopo la kupulizia itapasuka.

Adui anayefuata ni vumbi. Miezi ya kiangazi upepo wa hapa ukianza kuvuma mchana, hata uwe Kizota au Nkuhungu, klia mbichi inageuka msasa. Mimi napuliza asubuhi mapema, sakafu nimeimwagia maji ili vumbi litulie. Julai asubuhi kuna baridi na kopo hutema mate badala ya kupuliza, basi liweke kwenye maji ya vuguvugu kwa muda. Vuguvugu nimesema, si ya chai: makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50, na hilo ni pamoja na kuyaacha ndani ya gari lililoegeshwa juani. Bodi iliyochemka nayo isubiri kivulini, la sivyo rangi hukauka kabla ya kutulia na kuacha uso mkavu wenye chenga.

Kupuliza kwenyewe kunajifunzwa kwa mkono. Tikisa kopo dakika mbili hivi baada ya gololi iliyo ndani kuanza kulia, simama sentimita 20 hadi 25, mkono uanze kutembea kabla ya kubonyeza. Pita mara nyingi nyepesi, usimwage. Ukimaliza geuza kopo kichwa chini, bonyeza mpaka itoke hewa tupu, pua isizibe.

Sasa klia, na hapa ndipo watu wanapobana pesa. Kopo la kupulizia rangi lilibuniwa Marekani mwaka 1949 na Edward Seymour, aliyekuwa akitafuta njia ya kuonyesha rangi yake ya alumini ya kupaka radieta za majumbani. Hakuwa na tanki la bodaboda kichwani. Tazama dereva anapojaza mafuta: pampu ikichomolewa, matone mawili yanateleza juu ya uso wa simba uliouchora usiku kucha. Anapangusa kwa kidole, na sharubu za simba zinaondoka na kidole. Hiyo ni klia ya kawaida ya kopo. Klia ya kuchanganya na hadna, ile dawa ya kuigandisha, ikishakomaa, tone la petroli likifutwa mapema haliiachi na kovu. Kwa tanki la pikipiki sikubali kazi bila hiyo, mteja alie bei atakavyo.

Ila hadna ina sumu ya mapafu, inaweza kukuachia pumu ya kudumu. Barakoa ya hospitali au leso haisaidii kitu. Nunua maski yenye chujio za mkaa kabla hujanunua rangi ya kumi.

Mwambie mteja ukweli kuhusu rangi pia. Zile pinki na kijani za kuwaka kama taa ndizo za kwanza kupauka, klia au bila klia. Na maneno yanayoandikwa nyuma, mpe karatasi ayasome kwa sauti mwenyewe. "Mungu Kwaza" ikishakaa kwenye daladala hakuna kufuta. Namba za usajili, taa, stika za kuakisi mwanga na mstari wa ruti usiviguse. Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi, hivyo anayetaka gari zima libadilike aanzie Mamlaka ya Mapato (TRA), si kwako.

Akija kuchukua chombo, mpe masharti: wiki ya kwanza hakioshwi, mwezi mzima hakipakwi nta. Vumbi asilifute kavu, alimwagie maji kwanza. Sabuni iwe shampuu ya gari, siyo ya unga ya kufulia. Maji ya visima vingi hapa yana chumvi, yakikaukia juani yanaacha madoa meupe, kwa hiyo akaushe kwa kitambaa laini. Kinyesi cha ndege kitolewe siku hiyo hiyo.

Na wewe andika kwenye daftari rangi ulizotumia kwa kila chombo, jina na namba ya kopo. Bajaji itakwaruzwa pale Sabasaba wiki ijayo, na kijani unayoikumbuka kwa kichwa siyo ile iliyopo ubavuni.