Tairi "laini" za Japani kwa Swift Sport: usitoe hela kabla hujasoma ubavu

Usinunue. Rudisha hela mfukoni, toka hapo dukani, kanywe hata soda, halafu ndiyo usome hapa.

Umesema una Suzuki Swift Sport ZC31S, unapenda kuipeleka kwenye kona za Lushoto ukipata wikiendi, matairi yaliyokuja na gari yamekwisha, na muuzaji amekuonyesha seti ya mtumba ya Japani ya saizi ileile ya 195/50R16, "laini, kashata zote bado zipo, yananata" (kashata ni yale matofali ya mpira yanayokanyaga lami). Ukaweka na picha. Nimeikuza picha hiyo mpaka simu ikapata moto. Mkuu, hivyo vimistari vyembamba vya kupindapinda vilivyojaa kwenye kila kashata, kama mtu amechanja kwa wembe, navijua vizuri kuliko ninavyojua namba ya NIDA yangu. Hayo ni matairi ya theluji. Unataka kwenda Usambara na matairi ya theluji.

Na nyie mliotangulia kumjibu "chukua mkuu, Mjapani hana baya", kaeni pembeni kidogo. Maneno hayohayo ndiyo yaliyoniponza.

Mimi nilikuwa na Vitz RS, ile Vitz ya kimichezo, ya gia za mkono, mwaka 2019. Muuzaji akanibonyeza kidole changu kwenye tairi, kabisa, alinishika mkono akabonyeza. "Ona bosi, laini hii. Mpya za dukani ni ngumu hizo, hazishiki." Nikabonyeza, nikaona kweli. Ukucha unaingia! Nikajisikia mtaalamu. Nikalipa laki tatu na nusu kwa yote manne, nikaondoka nimevimba kifua, nikawacheka waliokuwa wananunua mapya duka la jirani.

Sasa sikiliza kwa nini kashata zilikuwa nyingi, maana hapo ndipo mtego ulipo. Kule Japani, hasa Hokkaido na kaskazini ya Honshu, baridi ikiingia watu wanavua matairi ya kawaida na kuvaa ya theluji. Zamani walitumia yenye misumari, yakawa yanakwangua lami na kujaza vumbi mijini, hadi sheria ikayabana mwaka 1990. Yakabaki haya yasiyo na misumari. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini hata maji yanapoganda, na vile vimistari ni vya kuuma barafu. Kashata zake zikifika nusu, kuna alama kwenye mifereji inayomwambia mwenye gari kwamba kwa theluji basi tena. Anayavua, anayaacha. Kwa hiyo tairi alilolitupa Mjapani kwa sababu limekwisha, wewe na mimi tukiliangalia tunaona nusu nzima imebaki. Mengine hata hayaji kwa kontena, yanakuja yamevaliwa na gari lenyewe, yanavuliwa huku.

Halafu tunayaleta Dar, ambako saa nane mchana lami inapita digrii 50.

Mpira wa kukaa laini kwenye barafu ukiuweka kwenye lami ya namna hiyo unakuwa legelege. Zile kashata ndefu zilizochanjwa zinalala upande kabla gari halijageuka. Unakata usukani, gari linafikiria kwanza. Mjini huwezi kugundua, kwenye foleni ya Ubungo hata tairi la mkokoteni lingefanya kazi. Nilizunguka nayo Dar nikisifu utulivu wake, hayapigi kelele, gari linaelea tu. Ndiyo, lilikuwa linaelea kweli.

Tukaenda Lushoto kwenye msiba, mimi na shemeji yangu. Kurudi, tunashuka kutoka Soni kuelekea Mombo, kulikuwa na manyunyu. Mwendo wangu ulikuwa wa kawaida, nasisitiza. Mwendo wa kawaida wa mtu mwenye RS. Nikaingia kona ya kushoto ambayo nimeshaipita mara nyingi tu, nikakata usukani, pua ya gari ikaendelea na safari yake. Nikaongeza kukata, ikazidi kwenda moja kwa moja. Nikakanyaga breki, ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, ikaanza kugonga mguuni, gari haliko nasi. Tukaishia kwenye ukingo wa zege wa mtaro. Bahati ni kwamba tulielekea upande wa mlima, siyo ule mwingine, na walioijua njia ile wanajua ule mwingine una nini.

Rimu mbili zilipinda. Lowa amu, tai rodi endi, shokapu moja, bampa, taa. Ongeza gari la kukokota mpaka Mombo na fundi wa pale aliyeniona nimevaa suti ya msiba akapandisha bei. Jumla ilipita milioni moja na laki sita. Kwa hela hiyo ningevalisha gari matairi mapya ya maana na chenji ya chipsi kuku ingebaki. Shemeji alikaa kimya mpaka tumefika Korogwe, akauliza, "Shemeji, ndiyo hiyo laini uliyosema?" Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo naitwa Laini.

Niliporudi kwa yule muuzaji unajua aliniambia nini? "Bosi, tairi halina kosa, kosa la dereva." Na kijana aliyeyafunga, aliyekuwa ameyashika moja moja mikononi mwake, akasema alijua ni ya theluji ila alidhani mimi ndiye niliyeyataka! Mtu anakufunga matairi ya Hokkaido, uko Dar umevaa kaptula, na anadhani umeyataka. Yule bado sijamsamehe. Muuzaji angalau alikuwa kazini.

Huo ulaini wa kubonyeza dukani haukwambii kitu. Ni kweli tairi lenye mpira laini hushika, ila lazima ujue ni laini kwenye joto lipi. Matairi ya mwendo yanapikwa ili yashike yakiwa ya moto, na ukuta wake ni mgumu ili usukani ujibu haraka. Ya theluji ni kinyume kwa kila kitu, na kwenye lami yenye maji ndipo yanapozidi kukuangusha, breki inakwenda mbali.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitaipigia kelele kwenye kila uzi: SOMA UBAVU, wewe mwenyewe, kwa tochi ya simu, kabla hela haijatoka. Ukikuta neno STUDLESS, yaani tairi la theluji lisilo na misumari, au kichoro cha mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, weka chini. M+S (matope na theluji) peke yake isikutishe sana, matairi mengi ya magari makubwa na ya misimu yote yanayo. Kisha angalia herufi iliyo baada ya saizi. Saizi yako ikiandikwa 84V, hiyo 84 ni uzito wa kilo 500 kwa tairi moja, na V ni kilomita 240 kwa saa. Ya theluji ya Japani mara nyingi utakuta Q, yaani 160. Najua hutafika 240, trafiki wa Msata na tochi zao hawatakuruhusu, lakini herufi hiyo inakuonyesha tairi limejengwa kuhimili joto kiasi gani.

Halafu tarehe. Tafuta maandishi ya DOT, tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. Yangu yalikuwa 4413, wiki ya 44 ya mwaka 2013. Umri wa darasa la kwanza! Yalikuwa yameshapoteza sifa za theluji bila kupata sifa za lami. Tarakimu hizo zinaweza kuwa upande mmoja tu wa tairi, na kwa bahati ya ajabu wauzaji wengi hupanga matairi upande huo ukiwa umeangalia ukutani. Mwambie aligeuze. Mimi niliambiwa hizo ni "namba za kiwanda tu bosi, hazina maana".

Chunguza pia mifereji. Kuna watu wanachonga kashata upya kwa kisu cha moto kisha wanapaka dawa ya kung'arisha. Mfereji uliochongwa hauna vile vituta vidogo vya kuonyesha kikomo, vimekatwa vyote.

Uliuliza kama Mchina mpya ni bora kuliko hayo. Kati ya seti hiyo na Mchina mpya wa saizi yako, herufi V, tarehe ya karibuni, nachukua Mchina na simwombi mtu radhi. Ukijaliwa hela zaidi, Yokohama, Bridgestone na Dunlop wana matairi ya magari madogo ya watu wenye haraka; kama yana namba ya TREADWEAR, ndogo maana yake yanashika lakini yanaliwa upesi, kubwa ni ya mtu wa kwenda kazini.

Na hilo wazo la kuvaa 205/45 kwenye rimu 16? Baki na 195/50. Kipenyo kinapungua kama sentimita moja, spidomita inaanza kukuongopea, na ubavu unazidi kuwa mwembamba wakati mashimo yetu hayajapungua kina. Upepo fuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva, usimfuate kijana wa pampu anayejaza kwa kupiga teke.

Kulikuwa na swali la alaimenti na lingine la rangi ya rimu. Alaimenti piga tu, ukifunga mapya. Rangi ya rimu waulize wengine, mimi zangu zilipinda kabla sijafika huko.