Mkate wa Ufuta Umehamia Wapi?

SWALI: Assalamu alaykum. Nimezaliwa Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja, ingawa sasa naishi Dar es Salaam. Kila nirudipo Unguja huutafuta mkate wa ufuta kama ule tuliokuwa tukiununua jioni mlangoni kwa jirani, lakini nyumba ile imekuwa hoteli, na mikate ninayouziwa hapo mjini ni mikavu, wala haina harufu ya nazi. Je, niutafute wapi, au nijipikie?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada. Hapo Kiponda utachoka bure. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kupangishwa familia kadhaa kwa pamoja, na katika nyumba za namna hiyo ndimo mama alimoweza kuweka jiko la makaa ukumbini na kuwauzia majirani. Utalii ulipopanuka, nyumba zikageuzwa hoteli na maduka ya vinyago, wapangaji wakavuka kwenda Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na kwingineko. UNESCO iliutia mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kuta na milango imepata watetezi. Mpishi wa mkate hakupata, na mimi naliona hilo kuwa pungufu kubwa. Basi watafute wapishi waliko watu: Jang'ombe, Magomeni, Mwanakwerekwe au Fuoni, baada ya alasiri, na hasa mwezi wa Ramadhani.

Ukipenda kujipikia, ukavu unaoulalamikia hutokana mara nyingi na tui jepesi na unga mgumu. Ikune nazi mwenyewe, ukamue tui zito, ukandie unga wa ngano pamoja na hamira, yai na chumvi, uupige kwa mkono mpaka uwe laini wa kuvutika, kisha uuache uumuke. Kikaango kiwe cha chuma, wala kisiwe cha kisasa kisichogandisha, kwa sababu mkate huu ni lazima ugande: kipashe moto, kirashie maji ya chumvi, utandaze unga kwa mkono uliolowa na kuunyunyizia ufuta. Sehemu ya chini ikishaiva, kipindue kikaango kielekee makaa ili uso wa mkate uwive na ufuta ubadilike rangi. Usipogandishwa vizuri, utaangukia motoni. Ubandue kwa kisu na uupake samli ungali moto.